Ujuzi wa Fundi Utambuliwe

Ndugu msomaji, je, aliyejifunza kazi kwa vitendo si fundi? Hapa Matogoro wapo waashi ambao hawakusoma chuo. Walishika mwiko na timazi pamoja na mafundi waliowatangulia. Kuta zao zimesimama imara. Lakini kwenye kazi kubwa ya ujenzi mara nyingi huulizwa cheti. Asiye nacho hubeba zege na kulipwa kama kibarua.

Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Songea kina chuo chake. VETA humpima hata fundi aliyejifunzia kazini. Akifaulu, hupewa cheti. Huo ni mpango mzuri.

Maoni yangu ni haya: serikali iusogeze mpango huo hadi vijijini. Waajiri wakubwa hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Fedha hiyo imfikie na fundi wa kijijini. Akilipwa ujira wa fundi, atasomesha watoto, atanunua mbolea, na nchi itapata mali.

Nasi tutimize wajibu wetu. Fundi ajue kusoma ramani ya nyumba na kupiga hesabu ya matofali. Kwa hiyo, ndugu fundi, usiache darasa la kisomo.