Tusiridhike na Korido

Ndugu zangu mnaolea watoto ughaibuni, nanyi wakuu wa makumbusho, nina neno juu ya kazi tatu zinazotenganishwa bila sababu: kuchora, kufundisha wageni makumbushoni, na kuamua kitakachoonyeshwa.

Mara nyingi mtoto wa mhamiaji huitwa makumbushoni kuwachezesha ngoma watoto wa shule, kisha huagwa. Wanaochagua vitu na kuandika maelezo yake ni wengine. Jambo hili halifai kuvumiliwa.

Mtazameni mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga. Hakungoja kufunguliwa mlango. Mwaka 1985 aliandaa maonesho ya wanawake 11, weusi na wenye asili ya Asia, katika jumba la sanaa la ICA, London. Walipewa korido; wakatundika kazi zao humo humo. Miongoni mwao walikuwamo Sonia Boyce, aliyeipatia Uingereza tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonesho ya sanaa ya Venice mwaka 2022, na Veronica Ryan, aliyetwaa Tuzo ya Turner, ya sanaa, mwaka huo huo. Himid mwenyewe aliipata Turner mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, tena wakati huo alikuwa profesa huko Preston. Nani angewakusanya mapema vile, kama mchoraji asingejitwika kazi ya kuandaa?

Kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, ni darasa tosha. Ni watu 100 wa mbao zilizopakwa rangi, wenye kimo cha binadamu: Waafrika waliotumikishwa Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Mgeni hupita katikati yao. Akizunguka nyuma, husoma mgongoni jina la kweli la mtu na jina alilobandikwa, kazi yake ya asili na ile anayofanyishwa. Anayesema ni mwenyewe, wala si msimamizi wa jumba. Mtoto wa shule akisoma migongo mitatu tu, mwalimu hana la kuongeza.

Basi wazazi, msiwaambie watoto kwamba sanaa hailishi. Wahimizeni wachore, na pia wajifunze kuandika maelezo na kuomba fedha za maonesho. Nanyi wakuu, msimwite mhamiaji mwezi wa sherehe tu: mpeni ajira ya kudumu, ufunguo wa ghala, na kiti katika kikao kinachoamua kipi kinunuliwe. Na sisi wa pwani, tukikuta kanga ya kwetu katika kabati la makumbusho ina maelezo yaliyokosewa, tusiishie kunung'unika njiani. Tumwandikie msimamizi siku hiyo hiyo, tumweleze ilivaliwaje na ilisema nini, na tudai maelezo yabadilishwe.