Kaakaa, Kasri na Ikulu: Sikio si Shahidi wa Nasaba ya Maneno

1. Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuulizwa asili ya maneno, na mara nyingi jibu hutolewa kabla ya swali kupimwa. Neno likifanana na la Kiarabu, husemwa limetoka Uarabuni; likifanana na la lugha ya bara, husemwa ni la Kibantu; na maneno mawili yakifanana ndani ya Kiswahili chenyewe, hufungishwa undugu papo hapo. Makala haya yanadai kwamba mfanano wa sauti ni mwanzo wa swali tu, na kwamba asili ya neno haina budi kuthibitishwa kwa njia lililopitia. Mifano itatoka katika nyuga mbili za msamiati: sehemu ya juu ya kinywa na makazi ya mtawala.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kufundisha fonetiki niliwaambia wanafunzi kwamba kaakaa limetokana na kitenzi kaa, kwa kuwa hapo ndipo ulimi unapokaa kinywa kikifungwa. Nikaongeza kwamba hata katika lugha za Ulaya jina la kaakaa na jina la kasri yanafanana, kwa hiyo dhana ya "makao" lazima iwe ndiyo mzizi wa yote. Darasa liliridhika. Mwanafunzi mmoja aliyarudia hayo katika mtihani, nami nikampa alama kamili. Nilikuwa nimekosea mara mbili, na deni hilo nalilipa hapa.

2. Ushahidi wa Kilatini na Kifaransa

Katika Kilatini, palatum ni kaakaa, na Palatium ni jina la kimojawapo cha vilima vya mji wa Roma. Augustus aliishi juu ya kilima hicho, na makaizari waliomfuata wakajenga majumba yao hapo. Ndipo jina la mahali likageuka kuwa jina la jumba lolote la mtawala. Kwa hiyo kasri ya Ulaya haikupewa jina kwa umbo lake wala kwa kazi yake, bali kwa anwani yake.

Warumi wenyewe walibishana juu ya asili ya jina la kilima hicho. Varro, mwanachuoni wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliorodhesha rai kadhaa: wapo waliolitoa katika majina ya watu na makabila, na wapo waliolihusisha na mifugo, wakimtaja mshairi Naevius aliyeliita Balatium, kana kwamba limetokana na mlio wa kondoo. Aidha, Cicero anasimulia kwamba mshairi Ennius aliliita anga "kaakaa la mbingu", yaani kuba lililo juu yetu. Sitiari hiyo imewashawishi baadhi ya wataalamu kuyaunganisha maneno hayo mawili kwa dhana ya kuba. Ni rai inayovutia, lakini sitiari ya mshairi haithibitishi nasaba.

Kifaransa kinatupa funzo lililo wazi zaidi. Katika lugha hiyo palais ni kasri, na palais vilevile ni kaakaa. Msikilizaji angeapa kuwa ni neno moja. Lakini kanuni za sauti zinakataa. Pratum la Kilatini, lenye maana ya uwanda wa majani, limekuwa pré katika Kifaransa. Kwa mwendo huohuo palatum lingepaswa kuishia kwa é. Halikufanya hivyo. Umbo lililopo linaeleweka tu tukikubali kwamba jina la kaakaa lilivutwa na jina la kasri likavaa sura yake. Tanbihi muhimu ni hii: mfanano uliopo leo ni tokeo la historia, haukuwapo tangu mwanzo. Anayeusoma kama ushahidi wa undugu wa asili anaisoma historia kinyumenyume.

3. Kasri

Turudi kwetu. Kasri tulilipokea kutoka Kiarabu, na wengi huishia hapo. Hata hivyo Kiarabu nacho kililipokea kutoka nje: chanzo chake ni castrum la Kilatini, yaani ngome au kambi ya askari, lililopitia Kiyunani na Kiaramu. Mkondo mwingine wa neno hilohilo ndio uliozaa majina ya ngome katika lugha kadhaa za Ulaya magharibi. Basi kasri ni neno la Kiarabu kwa mkono uliotukabidhi, na la Kilatini kwa mkono ulioanza kulishika.

Safari ya maana kutoka ngome hadi jumba la mfalme isitushangaze, kwani pwani yetu inayo ya kwake. Jumba kubwa la masultani wa Kilwa Kisiwani, la karne ya 14, linajulikana kwa jina la Husuni Kubwa. Na husuni, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ngome.

Pia ipo kasri nyingine. Muislamu aliye safarini huruhusiwa kusali kasri, yaani kuzipunguza sala za rakaa nne ziwe rakaa mbili. Kasri hii inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufupisha. Mwanafunzi anayetegemea sikio ataziunganisha kasri mbili hizi, na hatakosa hadithi ya kuzipatanisha: mfalme hupumzika, na msafiri naye hupumzika. Hadithi ya namna hiyo haikosekani kamwe, na ndiyo sababu haina thamani ya ushahidi.

4. Ikulu

Ikulu linatoka bara. Katika Kinyamwezi na Kisukuma ni makazi ya mtemi, na leo Kiswahili kinalitumia kwa makazi ya Rais, iwe Dar es Salaam, iwe Chamwino, Dodoma, ilikozinduliwa ikulu mpya mwaka 2023. Hata Kenya nayo imelipokea.

Hapa hatuhitaji kutegemea masimulizi, kwa sababu neno lenyewe limebeba cheti cha safari. Kiswahili kilidondosha /l/ ya kale katika mazingira mengi kati ya irabu. Mahali ambapo Kisukuma kina -kulu, nzala na magulu, Kiswahili kina -kuu, njaa na miguu. Laiti ikulu lingalikuwa neno la urithi katika Kiswahili, tungalitarajia umbo lisilo na /l/. Kubaki kwa sauti hiyo, pamoja na kiambishi i- kilicho mbele yake, kunaonyesha kwamba neno liliingia baada ya mabadiliko hayo kukamilika. Mzizi wake basi ni ndugu wa -kuu letu, lakini neno lenyewe ni mgeni. Undugu na ukopaji vinaweza kukaa katika neno moja, na ni kanuni ya sauti tu inayoweza kuvitenganisha.

5. Kaakaa

Vipi basi kaakaa? Kitenzi kaa kilikuwa na /l/, na bado tunaiona ikijitokeza katika kalia. Anayetaka kulitoa kaakaa katika kitenzi hicho hana budi kutuletea lugha jamaa ambamo jina la kiungo hiki lina /l/ hiyo mahali panapostahili. Mimi sikuleta, nilileta kichekesho.

Kuna uhusiano wa kweli kati ya kaakaa na nyumba, nao ni wa kikanuni. Ki- ikikutana na irabu, ulimi hupanda kwenye kaakaa gumu na sauti hugeuka: ki-akula huwa chakula, ki-umba huwa chumba, ki-ombo huwa chombo. Huu ndio ukaakaishaji. Na pale kanuni inapoonekana kusita, kama katika kiongozi na kioo, ndipo utafiti unapoanza.

6. Hitimisho

Suala hili si la darasani tu. Ubishi kuhusu asili ya Kiswahili umeendeshwa mno kwa orodha za maneno yanayofanana. Kila upande huhesabu yake na kuyaacha ya mwenzake. Anayedai kwamba msamiati wetu wa utawala wote umetoka ng'ambo anajibiwa na ikulu. Anayetaka wote uwe wa Kibantu anajibiwa na kasri. Heshima ya lugha haipungui kwa lolote kati ya hayo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu, ambazo tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 zimejitahidi kuonyesha maneno ya Kiarabu, zioneshe kwa bidii ileile maneno yaliyokopwa kutoka lugha za bara, zikizitaja lugha hizo kwa majina. Pili, tusipitishe tasnifu inayodai asili ya neno bila kueleza kanuni ya sauti, njia ya neno na mabadiliko ya maana. Mwanafunzi wangu yule alipata alama kamili kwa kumwamini mwalimu wake. Wanaokuja wastahili mwalimu wa kuwadai ushahidi.