Si kila kipele cha mtoto ni Mpox

Tangu Kenya itangaze mgonjwa wa kwanza wa Mpox, Julai 31, 2024, kule Taveta mpakani, kipele cha mtoto kimekuwa kesi ya mtaa mzima. Mama anaacha mtoi kwa mlezi asubuhi, saa nne anapigiwa simu aje amchukue. Kosa? Malengelenge mawili shingoni. Jioni picha imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ploti na kila mtu ni daktari. Shirika la Afya Duniani liliondoa dharura ya Mpox Septemba 2025, lakini kwa makundi ya wazazi dharura bado iko palepale.

Shida ni kwamba picha moja ya kipele kimoja haisemi mengi. Daktari haangalii kipele tu, anaangalia mpangilio: vilianza wapi, vinaelekea wapi, na kama vyote vina umri mmoja.

Chukua tetekuwanga. Huwasha vibaya, huanza sana usoni na kifuani, na huja kwa mafungu. Ndiyo maana kwa mtoto mmoja, siku moja, utaona vidoa, malengelenge ya maji na vigaga vilivyokauka, vyote pamoja. Mpox kwa kawaida vipele vya sehemu moja hukua pamoja. Ni vigumu ukivigusa, vingi vina kishimo katikati, na hupenda viganja na nyayo. Tezi za shingoni au kinenani nazo huvimba. Hata hivyo magonjwa haya hufanana kiasi kwamba wauguzi wenyewe hungoja maabara. Sasa wewe na simu yako yenye kioo kilichopasuka unajuaje?

Ukambi, au surua, ni hadithi nyingine. Unatangulia na homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu, halafu vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni na kushuka mwilini. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa utafute wekundu. Wekundu gani, bana? Kwa ngozi yetu huenda usiuone kabisa. Utaona weusi zaidi au rangi ya zambarau, au utahisi ngozi imekwaruza ukipitisha mkono. Pengo hili ndilo lililomfanya Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London aliyezaliwa Zimbabwe, kushirikiana na walimu wake mwaka 2020 kutoa kijitabu, Mind the Gap, kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Vitabu vyake vya darasani vilijaa ngozi nyeupe. Mwanafunzi ndiye alilazimika kuuliza!

Na hapa kwetu kuna krimu. Mtoto ana mashilingi, ile duara yenye magamba pembeni na katikati safi, anauziwa krimu ya kuchanganya yenye steroidi. Siku tatu muwasho unaisha, mama anafurahi. Fangasi nayo inaenea chini kwa chini, duara inapotea, na anayempima baadaye hatambui tena ni nini. Upele nao, ule wa katikati ya vidole unaowasha zaidi usiku, hautaisha ukitibu mtoto peke yake ilhali mnalala kitanda kimoja.

Kuna vidoa ambavyo havingoji kesho. Bonyeza glasi safi juu ya doa: lisipofifia, na mtoto ana homa, kimbia hospitali usiku huohuo. Inaweza kuwa maambukizi ya damu au uti wa mgongo. Kwa ngozi nyeusi angalia viganja, nyayo na ndani ya kope.

Kwingine, piga picha kwenye mwanga wa mchana bila filta, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa, kisha piga nyingine ya mwili mzima. Andika vilianza lini na wapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna. Mwonyeshe muuguzi. Kundi la ploti halihitaji picha ya mtoto akiwa uchi.