Saa 600 Zisizofaa Kupunguzwa

Mwaka 1896, Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Aliyemshughulikia kwanza alikuwa mvulana wa shule aliyeshindwa tahajia. Fani ya saikolojia ya shule ilianzia kwa mtoto.

Leo anayetaka shahada ya uzamivu katika saikolojia ya shule nchini humo hana njia ya mkato. Viwango vya NASP, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule, vinadai krediti zisizopungua 90 baada ya shahada ya kwanza na saa 1,500 za mafunzo ya vitendo, 600 kati ya hizo zikiwa shuleni. Bado kuna tasnifu.

Saa hizo 600 ndizo zenye uzito. Ndipo mwanafunzi anapoketi na mtoto asiyejua kusoma, akampima kumbukumbu kwa kumtajia tarakimu azirudie, akampa vipande vya rangi avipange, kisha akamweleza mama yake matokeo bila kumtia hofu. Tasnifu, hata iwe nzuri vipi, haifundishi hilo.

Kwa kweli uzamivu si sharti la kuajiriwa katika shule nyingi za Marekani. Ngazi ya chini yake, yenye krediti 60 na saa 1,200, hutosha. NASP inapendekeza mwanasaikolojia 1 kwa wanafunzi 500, na wilaya nyingi ziko mbali na lengo hilo. Serikali za majimbo zisikimbilie kupunguza saa ili kuziba pengo. Ziwalipe wanafunzi wa saikolojia posho ya kueleweka wanapofanya mafunzo hayo, hasa wanaokubali kwenda vijijini.