Tusitie Sahihi Tusichokiona



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii ugonjwa. Unamzungumzia yule utakayemkuta mezani siku utakapompeleka mtoto wako zahanati. Je, alifunzwa namna gani? Na ni nani aliyethibitisha kwamba kazi hiyo anaiweza? Sisi tunaoandika tumefundisha na kuratibu kozi ya utabibu, na wanafunzi wetu tumewapeleka kufanya mazoezi katika wilaya za Korogwe na Handeni. Kwa hiyo lawama tutakazotoa hapa zinatuhusu sisi kwanza.

Wapo wanaodhani kwamba tabibu ni daktari aliyeshindwa shule. Hilo si kweli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati nyingi zilijengwa vijijini, na madaktari walikuwa wachache mno. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kwa miaka mitatu, wakawa waganga wasaidizi wa vijijini, na ndio waliotibu wazazi wetu. Siku hizi kijana huingia chuoni baada ya kidato cha nne, naye husoma miaka mitatu kupata stashahada ya utabibu. Katika vijiji vingi, mgonjwa humwona tabibu muda mrefu kabla ya kumwona daktari, na pengine daktari hatamwona kabisa. Basi tabibu akifundishwa vibaya, kijiji kizima kimefundishiwa vibaya.

Tukumbuke siku moja tulipokwenda kukagua wanafunzi. Mama mmoja alikuwa ametoka shambani alfajiri, amembeba mtoto wa miezi kumi mwenye homa. Alisema, "Mwanangu anatweta." Mwanafunzi alipima malaria kwa kipimo cha haraka, majibu yakaonyesha hana. Kisha akaandika kwamba mtoto anapumua mara 32 kwa dakika. Tulimwomba mama amtulize mtoto kwa kumnyonyesha, tukainua nguo yake, tukatazama kifua na saa kwa dakika nzima. Pumzi zilikuwa 58. Mtoto yule alikuwa na nimonia, na alikuwa karibu kurudishwa nyumbani na dawa ya homa tu.

Tulipofungua daftari la mazoezi la mwanafunzi yule, tulikuta zoezi la kuhesabu pumzi limetiwa alama ya "amefaulu". Sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yetu. Hatukuwahi kumwona akihesabu. Wanafunzi walikuwa wengi, kitanda kilikuwa kimoja, na muhula ulikuwa unakwisha.

Msomaji atauliza, je, kuhesabu pumzi ni jambo kubwa hivyo? Naam. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikia 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40, hizo ni pumzi za haraka, naye apimwe upesi. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde, macho, na subira ya dakika moja. Lakini subira haisomwi kitabuni. Hujengwa kwa kurudia kazi mbele ya mwalimu anayetazama.

Na tusidhani kwamba kosa la mwanafunzi yule ni la peke yake. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ukatolewa mwaka 2004, wagonjwa 4,474 walitibiwa malaria kali. Walioonekana kuwa na vimelea katika damu hawakufikia nusu yao. Wengine walikuwa na homa ya jambo jingine, na jambo hilo halikutafutwa vya kutosha. Leo vipimo vya haraka vimetusaidia sana. Hata hivyo, kipimo kinaweza kusema kwamba si malaria, lakini hakiwezi kusema ni nini. Hapo ndipo mafunzo ya tabibu yanapoanza kazi.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, mwalimu asitie sahihi zoezi ambalo hakulitazama kwa macho yake, hata kama mwanafunzi atachelewa kumaliza. Pili, wanafunzi wasirundikwe wote katika hospitali za mjini. Wagawanywe wawili wawili waende zahanati, huko ambako watafanya kazi kesho. Wapo wasemao kwamba zahanati ina wagonjwa wachache na vifaa haba. Tunakubali kwamba ugonjwa mkali utafundishwa hospitalini. Lakini ni katika zahanati ndipo mwanafunzi anapojifunza kutambua nani abaki na nani apelekwe hospitali, na wagonjwa wachache humpa mwalimu nafasi ya kutazama. Tatu, mganga mfawidhi anayempokea mwanafunzi atambuliwe kuwa mwalimu, chuo kimpe maelekezo na posho yake. Tumezoea kumpelekea barua na wanafunzi, kisha tunamlaumu kwa yale ambayo hatukumwomba.

Nanyi wazazi mnaouza mahindi au ng'ombe ili kulipa ada, mnayo haki ya kuuliza. Msiulize tu, "Utamaliza lini?" Ulizeni, "Umefanya nini kwa mikono yako, na nani alikutazama?" Akina mama nanyi, mwanafunzi ajitambulishe kwenu na aombe ruhusa kabla ya kumgusa mtoto. Mkiona mtoto anatweta, semeni, na mkiona hamkusikilizwa, semeni tena. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, asisubiri foleni.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tabibu asiyefunzwa na mwalimu wake atafunzwa na wagonjwa, na ada ya shule hiyo watailipa watoto wetu. Sisi tuliotia sahihi bila kuona tumeanza kurudia mazoezi hayo na wanafunzi wetu, mmoja baada ya mwingine, saa mkononi. Tunawaomba walimu wenzetu nao wafanye vivyo hivyo.