Wenye malori watununulie spana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaseme wenye malori wanaotukabidhi gari la dizeli bila hata spana moja. Mimi ni dereva, nabeba viazi kutoka Njombe.

Lori likiishiwa dizeli njiani, hata ukijaza tangi haliwaki, maana hewa imeingia kwenye mabomba. Wengi wetu hushikilia starta mpaka betri inakufa, kisha tunaita watu wasukume. Wengine humwaga petroli kwenye njia ya hewa, jambo linaloweza kuvunja injini na kumuunguza utingo.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Basi tazama bomba la moshi. Ukipiga starta na moshi usitoke kabisa, mara nyingi dizeli haifiki. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ila haiungui. Huyo mwite fundi.

Spana na chujio la akiba ni bei gani? Mbona fedha za kuvutwa na lori jingine hupatikana siku hiyo hiyo?

Dereva wa Lori,
Njombe.