Ushanga Hudumu, Ngozi Huoza

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aanzapo somo la Zama za Mawe, mara nyingi huonyeshwa mchoro wa mtu aliye uchi, ameshika jiwe mkononi. Mchoro huo hukaa kichwani kwa muda mrefu kuliko maelezo ya mwalimu. Ushahidi wake ukiulizwa, jibu hutolewa upesi: nguo za watu hao hazijapata kuonekana ardhini. Jibu hilo lina kasoro. Kutoonekana kwa kitu si ushahidi wa kutokuwapo kwake, mpaka ijulikane kwanza kama kitu hicho kingeweza kudumu.

Na tuchukue mfano wa Lemara, mjini Arusha, chini ya Mlima Meru. Vazi la ngozi ya mbuzi likifukiwa huko, mvua, joto, vijidudu na mchwa vitalimaliza katika muda wa miaka michache. Shanga zilizoshonewa juu yake zitabaki, lakini zitakuwa zimetawanyika, na uzi uliozishika hautakuwapo. Mchimbaji atakayefika baada ya miaka elfu moja, akiandika kwamba watu wa hapo walivaa shanga tupu, atakuwa ameandika habari za mchwa. Mfano huu si wa kubuni tu, kwani Waarusha na Wameru walivaa ngozi zilizolainishwa na kushonwa kwa ustadi kabla nguo za pamba hazijaenea.

Ushanga wenyewe, ukisomwa vema, husema mengi. Katika pango la Kisese, wilayani Kondoa, lililochimbwa na Raymond Inskeep mwaka 1956, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ufundi huo ulianza hapo zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kipande cha ganda kilitobolewa kwa ncha ya jiwe, kisha ukingo wake ukasuguliwa mpaka ukawa mviringo. Mwaka 2022 Jennifer Miller na Yiming Wang walitangaza matokeo ya kupima shanga zaidi ya 1,500 za namna hiyo kutoka mahali 31. Zile za miaka 50,000 hadi 33,000 iliyopita zilifanana sana, tangu Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Lakini jambo kubwa zaidi liko katika tundu la ushanga. Hakuna atoboaye ushanga asiyekuwa na uzi, na aliyejua kutengeneza uzi wa mshipa wa mnyama au wa nyuzi za mmea hakuwa mbali na kushona.

Mara chache bahati huhifadhi kile ambacho udongo huharibu. Katika pango la Mto Njoro, nchini Kenya, Louis na Mary Leakey walichimbua mwaka 1938 maziko ya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita, ambao miili yao ilichomwa. Pamoja na mamia ya shanga za mawe, palikuwa na chombo cha mti kilichochongwa, vibuyu, na mabaki ya kamba. Moto uliovigeuza kuwa makaa ndio uliovinusuru visioze.

Ushahidi mwingine umetoka pasipotazamiwa, kwa chawa. Chawa wa nguo hutaga mayai katika mishono ya mavazi, na asili yake ni chawa wa kichwani. Wataalamu wa chembe za urithi walikadiria mwaka 2011 kwamba aina hizi mbili zilitengana si chini ya miaka 83,000 iliyopita, na huenda mapema kama miaka 170,000. Chawa huyo asingeweza kuishi bila nguo.

Huko Korea, makaburi ya wafalme wa Silla yaliyoko Gyeongju yametoa taji za dhahabu, mojawapo ikiwa ile ya kaburi la Cheonmachong lililochimbwa mwaka 1973. Nguo zilioza, isipokuwa vipande vichache. Hata hivyo hakuna mwanachuoni aliyepata kudai kwamba wafalme hao walivaa taji wakiwa uchi. Kwa nini basi mtu wa Kondoa asipewe haki hiyo hiyo?

Swali hili si la darasani tu. Kati ya mwaka 1967 na 1968 palikuwa na kampeni ya Serikali mkoani Arusha iliyowataka Wamaasai waache lubega na ngozi, kana kwamba mavazi hayo ni aina ya uchi. Dhana hiyo haikutoka katika uchimbaji wowote. Inafanana na ile iliyomo katika michoro ambayo ingali ikichorwa ubaoni.

Walimu wanaweza kuanza kuirekebisha kwa gharama ndogo. Yachimbwe mashimo matatu katika uwanja wa shule, na katika kila shimo vifukiwe kipande cha ngozi ya mbuzi, kipande cha kaniki, kamba ya katani na shanga kumi. Shimo la kwanza lifukuliwe mwisho wa muhula, la pili baada ya mwaka, la tatu wanafunzi hao watakapofika kidato cha nne. Na kila mara waandike walichokikuta na wasichokikuta.